Shirika la Ndege Lipimwe kwa Abiria wa Msiba

Wanaopima mashirika ya ndege aghalabu hupima kiti. Huangalia upana wake na kinalazwa kiasi gani, chakula kimefika cha moto au kimepoa, begi limetoka upesi au limekawia, kisha hugawa nyota. Kwa mtihani wa namna hiyo RwandAir haina cha kuogopa. Shirika lililoanza Desemba 2002 kwa jina la Rwandair Express, likiwa dogo mno kutajwa pamoja na ya majirani, sasa linatua London na Paris, na Yvonne Makolo, aliyekabidhiwa uongozi wake mwaka 2018, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa bodi ya magavana ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka 2023. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachotilia shaka ni kipimo. Kiti cha safu ya ishirini ni kilekile kwa kila aliyekikalia. Tofauti ya abiria na abiria iko kwenye bei aliyolipa, na bei hiyo hutegemea sana siku ambayo haiandikwi popote kwenye tiketi: siku aliyojua kwamba atasafiri. Aliyejua miezi mitatu kabla na aliyejua jana usiku hawajasafiri na shirika moja, hata kama waligusana viwiko njia nzima.

Anayetaka kuwaona abiria wa kila aina bila kufika uwanja wa ndege wa Kanombe, sekta ya Kinyinya katika wilaya ya Gasabo inamtosha. Upande wa Gacuriro kuna Vision City, mtaa wa nyumba za bei kubwa. Upande wa Kagugu kuna Batsinda, nyumba zilizojengwa kuwapokea watu waliohamishwa mwaka 2008 kutoka Kiyovu ya maskini, katikati ya jiji. Kinyinya hiyo hiyo ndiko kulikokuwa na mitambo ya Deutsche Welle tangu 1965 hadi 2015, iliyowarushia wasikilizaji wa masafa mafupi matangazo kote Afrika (sauti ilivuka mipaka bila tiketi, wanaotozwa ni watu). Sasa kilima chake kimepangiwa mradi wa Green City Kigali. Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege, kwa kupitia Kibagabaga na Remera, si mbali: pikipiki hufika chini ya nusu saa kama barabara haijafunga. Kwa macho ya ramani, basi, mtu wa Batsinda na mtu wa Vision City wako karibu na ndege sawasawa.

Nianze na wanaojua mapema, kwa kuwa habari zao ni fupi. Mtalii anayekuja kuwaona gorila wa milimani katika Hifadhi ya Volkano hulipia kibali dola 1,500, bei iliyowekwa mwaka 2017 baada ya kupandishwa mara mbili kutoka 750, na kibali hicho hukatwa miezi kadhaa kabla. Tiketi yake ya ndege hununuliwa siku hiyohiyo, wakati viti vya bei nafuu bado viko tele. Mjumbe wa mkutano yuko hali bora zaidi, kwa sababu halipi yeye. Kigali imejijenga kwa wageni wa aina hiyo: mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola Juni 2022, mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, na semina zisizohesabika katikati yake. Kwa watu hawa RwandAir ni shirika zuri sana. Linakuja moja kwa moja, linafika kwa heshima, na Mwafrika yeyote, tangu tangazo la mwisho wa mwaka 2023, anaingia Rwanda bila kuhangaikia viza. Kasoro ninayoiona ni ya wale wakusanyao maili: RwandAir haimo katika miungano mikubwa, ilhali Ethiopian iko Star Alliance na Kenya Airways iko SkyTeam. Hilo ni tatizo la mtu anayeruka mara nyingi mno, na sidhani kama linahitaji huruma yetu.

Mfanyabiashara ni mtihani mgumu zaidi. Anayefuata nguo, simu au vipuri Dubai anajua atasafiri, ila tarehe huamuliwa na soko: mzigo wa awali umeisha lini, mteja amelipa lini, dola imepatikana lini. Yeye hahitaji kiti kipana. Anahitaji njia itakayokuwepo mwezi ujao na mwezi unaofuata, na ndege ya pili endapo ya kwanza imeharibika. Hapo ndipo udogo wa shirika unapoonekana. Ethiopian ina ndege zaidi ya 140. Za RwandAir hazifiki 20, na zile kubwa za Airbus A330 zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Moja ikiingia karakana bila kupangwa, ratiba nzima ya masafa marefu inayumba, na anayelala hotelini akisubiri ndiye mwenye duka lililofungwa. Njia zenyewe nazo hazina uhakika sana. Safari za Guangzhou zilianza Juni 2019. Mwisho wa Januari 2020 zikasimamishwa kwa sababu ya korona. Hilo halikuwa kosa la shirika, lakini aliyekuwa amepanga biashara yake kwa kuitegemea njia ile alipata miezi saba tu.

Wala si ugonjwa peke yake. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilizipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga ya Kongo. Nchi ile ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 na imekaa kama ukuta upande wote wa magharibi wa Rwanda. Anayekwenda Lagos au London akitokea Kigali sharti aizunguke. Kuzunguka ni mafuta, na mafuta ni uzito. Uwanja wa Kanombe nao uko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi huipunguzia ndege uzito inaoweza kuondoka nao. Ukiongeza mafuta lazima upunguze kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi ni shehena: parachichi, pilipili na maua ambayo mkulima alitarajia yalale Ulaya usiku uleule. Kwa mfanyabiashara, kwa hiyo, ningesema RwandAir inafaa kwa Dubai na kwa miji ya Afrika ambayo wengine hawaiunganishi vizuri, mradi asiweke mkutano muhimu siku ileile ya kufika.

Sasa tuje kwa yule ambaye hapimwi na mtu. Simu inaingia Kagugu saa nne usiku: shangazi amefariki Kampala, mazishi kesho kutwa. Mwenye simu anafungua tovuti ya tiketi. Inamuuliza anakotoka, anakokwenda, tarehe, idadi ya watu wazima na watoto. Haimuulizi kwa nini. Viti vya bei ya chini katika ndege ya kesho vimekwisha kuchukuliwa na waliojua mwezi uliopita. Vilivyobaki ni vya daraja la bei lililowekwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Anajumlisha kwenda na kurudi, yeye na dada yake, halafu teksi ya kutoka Entebbe hadi Kampala, kilomita 40 hivi. Kuna mchango wa msiba unaomngojea kule. Anafunga simu, na alfajiri yuko kituo cha mabasi cha Nyabugogo akitafuta basi litakalomfikisha jioni. Ndege ya saa moja imepita juu ya kichwa chake, pengine ikiwa na viti vitupu.

Tukio hilo halisababishwi na roho mbaya ya mtu. Ni matokeo ya mfumo wa kupanga bei ambao RwandAir, kama mashirika karibu yote, imeurithi. Marekani iliondoa udhibiti wa nauli mwaka 1978. Katika miaka iliyofuata American Airlines, ikiongozwa na Robert Crandall, iliboresha mbinu ya kuuza viti vya ndege moja kwa bei nyingi tofauti; mwaka 1985 ilitoa nauli za chini sana kwa atakayenunua wiki kadhaa kabla na akakubali kutorudi mpaka Jumamosi usiku ipite. Shabaha yake ilikuwa kumtenga mtalii na mtu wa kazi. Mtalii anajua likizo yake mapema na anabana matumizi. Mtu wa kazi huitwa ghafla na kampuni ndiyo inayolipa. Basi anayenunua dakika za mwisho achukuliwe kuwa ana uwezo. Kwa Dallas na Chicago dhana hiyo ilikuwa na mantiki, na iliisaidia American kuwavunja washindani wadogo kama People Express.

Ilipoletwa kwetu hakuna aliyeichunguza upya. Katika Afrika Mashariki ni nani anayesafiri kuvuka mpaka kwa taarifa ya siku moja? Wako wakurugenzi, sikatai. Lakini nyuma yao kuna kundi la watu waliofiwa, waliouguliwa, waliopigiwa simu kwamba mama kalazwa. Familia za ukanda huu zimetawanyika kwa sababu tunazozijua: ukimbizi wa tangu 1959, vita, masomo, ndoa, biashara. Rwanda ina watu wenye wazazi Uganda, kaka Nairobi, binamu Dar es Salaam na shemeji Bujumbura. Na desturi zetu za mazishi hazisubiri. Mwislamu huzikwa siku ileile ikiwezekana, na wengine siku chache baadaye. Mfumo ulioundwa kumkamua mkurugenzi unamkamua mfiwa, tena kwa ukali zaidi, maana mkurugenzi anaweza kuahirisha kikao.

Mtu ataniambia basi lipo, na watu wa Batsinda wamezoea basi. Lipo kweli. Lakini kulitegemea basi katika eneo hili ni kuitegemea mipaka, na mipaka yetu hufungwa. Gatuna, njia kuu ya Kigali kwenda Kampala, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Waliofiwa katika vipindi hivyo hawakuwa na basi la kulinganisha na ndege. Kwa Dar es Salaam hata mpaka ukiwa wazi, njia ya Rusumo ni safari ya zaidi ya siku nzima barabarani. Mazishi yatakuwa yamekwisha. Ndani ya nchi yenyewe, kwenda Rusizi ni saa tano au sita za kona za Nyungwe, na ndege ya Kamembe ipo. Halafu tumepiga hatua ambayo ndege haijaitumia ipasavyo: tangu Januari 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Serikali tatu ziliona busara kumwondolea mwananchi kikwazo cha karatasi. Kimebaki cha bei.

Pingamizi zito zaidi ni la hesabu. RwandAir inaendeshwa kwa msaada wa hazina ya serikali. Kulibebesha mzigo mwingine shirika lisilojitosheleza, wanasema wachumi, ni kuifunga kamba ndege inayojaribu kupaa. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona inageuka dhidi ya wenyewe. Shirika linalojiendesha kwa faida lina haki ya kujibu kwamba linauza kiti kwa anayelipa zaidi. Shirika linalomilikiwa karibu lote na serikali, likibebwa na kodi, haliwezi kutoa jibu hilo kwa mlipa kodi. Tunaambiwa, na naamini, kwamba ruzuku hurudi kwa njia ya utalii, mikutano na biashara. Faida hiyo humfikia zaidi mwenye hoteli na mwenye kampuni ya utalii. Kodi inayoisaidia hukatwa hata kwenye sabuni na simu inayonunuliwa Kagugu. Mwenye sabuni naye ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi, na anachoomba si kusafirishwa bure.

Wengine watasema hakuna nchi inayofanya hivyo. Zipo. Uhispania huwapunguzia wakazi wa visiwa vya Canary na Balearic asilimia 75 ya nauli za kwenda bara na baina ya visiwa, kiwango kilichofikiwa mwaka 2018, kwa sababu iliona mtu wa kisiwani hana barabara. Rwanda haina bahari, lakini mtu ambaye mipaka yake hufungwa kwa miaka mitatu ana ukisiwa wa aina yake. Kuhusu msiba hasa, Air Canada na Delta zina nauli maalumu kwa waliofiwa, na hizo ni kampuni zinazotafuta faida waziwazi. Nauli zao si lazima ziwe za chini kuliko zote. Huondoa tu adhabu ya kuchelewa kununua na humruhusu abiria kubadili siku ya kurudi. Na udanganyifu? Utakuwepo, kama ulivyo kwenye kila punguzo. Katika nchi ambayo vifo na ndoa husajiliwa kwenye ofisi za sekta na vyeti vingi hupatikana kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali, kuthibitisha undugu si kazi ya kuwashinda. Kwa msiba ulioko nje, uthibitisho unaweza kuletwa baada ya safari na tofauti ya nauli ikarudishwa.

Kuna pingamizi la tatu ambalo nalikubali kwa sehemu: kwamba nauli ghali za Afrika si za mashirika peke yao. Chukua tiketi ya njia fupi uisome mstari kwa mstari. Nauli ya msingi ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna ada ya huduma ya abiria, ada za usalama na tozo za viwanja vya pande zote mbili. Anayeondoka Tanzania kwenda nje hutozwa dola 40 za huduma ya uwanja pekee, na kiasi hicho ni kilekile awe anakwenda Kigali au London. Kwenye tiketi ya London hakionekani. Kwenye ya Kigali kinauma. Soko huru la anga la Umoja wa Afrika lilizinduliwa Januari 2018 likiwa na nchi 23, Rwanda na Kenya zikiwamo, Uganda na Tanzania zikiwa hazimo, na Kampala na Dar es Salaam ndizo hasa safari za msiba ninazozizungumzia. Haya RwandAir haiwezi kuyaondoa. Inaweza kuondoa sehemu iliyo yake, na serikali ya Rwanda inaweza kuanza kwa kusamehe ada zake yenyewe kwa abiria wa aina hii, kabla ya kwenda kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, kuwaomba majirani wafanye vivyo hivyo.

Wakati wa kulifanya jambo hili ni sasa, kwa sababu umiliki unajadiliwa. Mazungumzo ya Qatar Airways kuchukua asilimia 49 ya RwandAir yalitangazwa Februari 2020, baada ya Qatar kukubali mwishoni mwa 2019 kuwa na asilimia 60 ya mradi wa uwanja mpya wa Bugesera. Ushirikiano huo tayari una manufaa kwa anayeunganisha ndege Doha, na sioni ubaya wa kumkaribisha mwenye mtaji. Lakini mwekezaji akishaingia, kila kiti kitatakiwa kujieleza kwa fedha, na sharti la kijamii ambalo halikuandikwa kabla ya kutia saini halitaandikwa baada yake. Bugesera nako kuko mbali zaidi na Kinyinya kuliko Kanombe. Huyo wa Kagugu ataanza kwa kulipia barabara ndefu kabla hajafika kwenye nauli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa abiria ni huu. Mtalii na mjumbe wa mkutano, pandeni bila wasiwasi. Mfanyabiashara, panda, ila acha siku moja ya akiba. Aliyefiwa, kwa bei za leo, angalia Nyabugogo kwanza. Na kwa Wizara ya Miundombinu pamoja na bodi ya RwandAir: tengeni viti vinne katika kila ndege ya Entebbe, Nairobi, Dar es Salaam na Kamembe, viuzwe kwa bei moja isiyopanda hadi saa 12 kabla ya kuondoka, kwa mwenye msiba au mgonjwa mahututi; visipochukuliwa, viuzwe kwa yeyote anayevitaka. Na bei hiyo iandikwe wazi pale pale zinapoandikwa bei nyingine.